Mkuki wa Java hautaki msasa

Mpe mtu wa kwetu pwani jambia la babu yake au upanga wa marehemu, na jambo la kwanza atakalofanya ni kutafuta msasa na kuusugua mpaka ung'are. Ndugu msomaji, ukibahatika kuupata mkuki wa Kijava, usithubutu. Utakuwa umekifuta kile kilichoupa thamani.

Mkuki huo huitwa tombak. Niliutazama mmoja kwa utulivu mjini Yogyakarta, kisiwani Java. Kwa mbali ni chuma cheusi kilichochongoka, chenye makali pande zote mbili, kimepachikwa kwenye mti mrefu. Ukiusogeza kwenye mwanga ndipo unapoiona michirizi ya rangi ya fedha imetambaa juu yake, mfano wa mafuta juu ya maji. Michirizi hiyo haikuchorwa wala kuchongwa. Imo ndani ya chuma chenyewe.

Mhunzi, ambaye Wajava humwita empu, huchukua chuma cha kawaida na chuma chenye nikeli, akavipasha moto na kuvigonga mpaka vikashikana, kisha akavikunja na kuvigonga tena. Akianza na tabaka 2, mikunjo 6 humfikisha kwenye 128. Moto ukizidi, chuma kinaungua. Ukipungua, tabaka hazishikani na kazi yote inapasuka mikononi mwake. Katikati hutia bamba la chuma cha pua, maana urembo peke yake haukati kitu. Mafundi wa kasri ya Surakarta walitumia hata chuma cha kimondo kilichookotwa karibu na Prambanan, kikapelekwa kasrini mwishoni mwa karne ya 18.

Hapo ua bado halijaonekana. Chuma husafishwa kwa ndimu, kisha hupakwa maji ya ndimu yaliyotiwa aseniki, ambayo ni sumu kali (si mambo ya kujaribia jikoni). Chuma cha kawaida kinashika weusi, chenye nikeli kinakataa. Ua mojawapo huitwa beras wutah, yaani mchele uliomwagika, na kwa hakika ukilitazama utadhani mtu amekumbwa na sinia la mchele.

Mikuki mashuhuri hupewa jina la Kyai, heshima ile ile wanayomwita mwanachuoni. Kyai Rondhan ulikuwa wa Diponegoro, mwana wa sultani wa Yogyakarta aliyepigana na Waholanzi kuanzia 1825 hadi 1830. Waliuteka mwaka 1829, naye wakamkamata mwaka uliofuata. Mkuki haukurudi Indonesia ila mwaka 1978.

Hapa najua baadhi ya wasomaji wameanza kukunja uso. Kila mwezi wa Suro, ndio Muharram yao tangu Sultan Agung alipoifanya kalenda ya Kijava ifuate mwezi kama ya Hijria mwaka 1633, silaha za kasri huoshwa kwa sherehe. Wapo wanaoamini kwamba chuma hicho kina nguvu zake, na wapo Waislamu wa huko huko wanaolipinga jambo hilo. Mimi nipo na hawa wa pili: dua haipelekwi kwa chuma. Lakini kumkataa fundi kwa sababu ya itikadi ya mwenye mali, hilo silikubali. Mikunjo ile ni jasho la mtu na elimu aliyoipokea kwa mwalimu wake, na ukiipoteza huipati dukani.

Tena kuosha kwenyewe kuna hasara yake. Kila mara ndimu hula chuma kidogo, na mikuki mikongwe mingine imekonda, kingo zimemeguka kama jani lililoliwa na mdudu. Mwenye kuujua mkuki wake haoshi ovyo. Huufuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akaupaka mafuta ya msandali kidogo, akaurudisha alani.