Kufunga Uzazi na Kuwekewa Kipandikizi cha Uume kwa Upasuaji Mmoja: Mambo ya Kuzingatia

Mwanaume aliyepoteza nguvu za kiume kutokana na kisukari, na ambaye hahitaji tena watoto, anaweza kupata huduma mbili katika upasuaji mmoja: kuwekewa kipandikizi cha uume na kufunga uzazi.

Kipandikizi kinachojazwa maji, kilichoanza kutumika nchini Marekani mwaka 1973, kina silinda mbili laini zinazowekwa ndani ya uume, pampu ndogo katika mfuko wa korodani na kifuko cha maji chini ya tumbo. Pampu ikibonyezwa, maji huingia katika silinda na uume husimama. Daktari bingwa anaweza kuweka vifaa hivyo kupitia mpasuo mdogo kwenye mfuko wa korodani. Kupitia mpasuo huohuo huifikia mirija inayopitisha mbegu za kiume, akaikata na kuifunga. Hivyo, mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mara moja na kuuguza kidonda kimoja.

Ieleweke kuwa kufunga uzazi hakupunguzi nguvu za kiume. Korodani huendelea kutengeneza homoni na shahawa huendelea kutoka, ila hazina mbegu. Kipandikizi hutibu tatizo jingine, baada ya vidonge na tiba nyinginezo kushindwa.

Jambo linalohitaji umakini zaidi ni muda. Kwa kawaida mgonjwa huruhusiwa kutumia kipandikizi baada ya wiki 4 hadi 6, ilhali mbegu zilizosalia katika mirija zinaweza kuchukua takriban miezi 3 kwisha. Katika kipindi hicho mke anaweza kupata ujauzito. Wenza wanapaswa kuendelea na njia nyingine ya uzazi wa mpango hadi kipimo cha shahawa kithibitishe kuwa hakuna mbegu.

Huduma zote mbili ni za kudumu. Kuunganisha tena mirija hakuna uhakika wa mafanikio, na kipandikizi kikiondolewa, uume hausimami tena kama awali. Aidha, kipandikizi kikipata maambukizi mara nyingi hulazimu kuondolewa. Hivyo mwenye kisukari anapaswa kudhibiti sukari kabla ya upasuaji, na kurejea hospitali mara moja aonapo homa, usaha au uvimbe unaoongezeka.

Huduma hizi hazikingi maambukizi ya VVU. Mwanaume anashauriwa kumwona daktari akiwa na mwenza wake kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.