Je, Wajua? Sindano ya Nyonga Katika Nchi ya Shaba

Je, wajua kwamba shaba haiko kwenye mashimo ya Kolwezi tu, bali hata mwilini mwako? Ni kidogo mno, haifiki gramu moja. Lakini ikipungua, uboho ulio ndani ya mifupa hushindwa kutengeneza damu ipasavyo. Chembe nyekundu hupungua, nyeupe nazo hupungua, na uboho huo ukitazamwa kwa hadubini hufanana na wa mtu anayenyemelewa na saratani ya damu. Dawa yake ni shaba yenyewe, ya hospitalini, si ya mgodi wa Musonoi.

Na kobalti je? Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa hutoka Lualaba. Katikati ya kila chembe ya vitamini B12 mna kobalti. Umbo lake liligunduliwa na Mwingereza Dorothy Hodgkin mwaka 1956, akapewa Tuzo ya Nobel 1964. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu za vitamini hiyo kwa siku. Akiikosa muda mrefu, uboho hujaa chembe kubwa kupita kiasi ambazo nyingi hufa kabla hata hazijaingia kwenye damu.

Vijidudu kama bakteria ndivyo pekee vinavyoweza kugeuza kobalti kuwa B12. Sisi tunaipata kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Bukari na sombe tupu havina. Sombe yenye dagaa inayo. Malori yaliyojaa kobalti hupita kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na mama aliyekaa kando ya barabara hiyo anaweza kuwa na upungufu wa damu kwa kukosa chembe ya kobalti isiyoonekana kwa macho.

Usidhani basi vumbi la mgodini ni dawa. Miaka ya 1950 madaktari waliwahi kuwapa wagonjwa chumvi ya kobalti ili kuongeza damu. Damu iliongezeka kweli, lakini wengine walivimba tezi ya shingo, na dawa hiyo ikaachwa.

Je, wajua ni lini watu walijua damu inatengenezwa wapi? Mwaka 1868. Ernst Neumann wa Königsberg na Giulio Bizzozero wa Pavia waligundua jambo hilo mwaka huohuo, kila mmoja kivyake. Uboho wako hutoa takriban chembe nyekundu milioni mbili kila sekunde.

Ndiyo maana kupima damu ya mkononi wakati mwingine hakutoshi. Damu ile ni bidhaa iliyokwisha kutoka. Uboho ndio kiwanda. Bidhaa ikiwa mbovu na sababu haijulikani, lazima mtu aingie kiwandani.

Mrusi Mikhail Arinkin, wa Leningrad, alieleza mwaka 1929 namna ya kuvuta uboho kwa sindano kutoka mfupa wa kifua. Siku hizi wengi hutolewa uboho kwenye nyonga, na sindano inayotumika sana ina jina la Khosrow Jamshidi, daktari mzaliwa wa Iran, aliyeitambulisha mwaka 1971.

Je, wajua inavyofanyika? Unalala kwa ubavu, magoti umeyakunja kuelekea tumboni, au unalala kifudifudi. Daktari anapapasa juu ya kalio, karibu na vile vishimo viwili ambavyo watu wengi wanavyo chini ya kiuno, kwa sababu hapo mfupa wa nyonga uko karibu na ngozi. Anasafisha, anachoma ganzi, anasubiri. Sindano yenyewe ina mpini wa kushika kwa kiganja, na huingizwa kwa kuzungushwa taratibu kulia na kushoto. Kwa kawaida, kwanza huvutwa uboho wa majimaji, mililita chache. Kisha sindano husukumwa mbele kidogo kukata kipande chembamba cha mfupa, chenye urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili.

Mtu wa maabara, kama yuko chumbani, anadondosha tone kwenye kioo na kukiinamisha. Damu inateremka. Zinazobaki ni punje ndogo zinazong'aa kwa mafuta, na akiziona anajua kwamba uboho umepatikana. Asipoziona huenda daktari akavuta tena. Ndiyo maana wanakaa kimya kidogo wakikitazama kile kioo. Wagonjwa wengi huogopa kimya hicho, wakidhani ugonjwa umeshaonekana. Hapana. Wanatafuta punje tu. Ugonjwa hauonekani kwa macho, ni mpaka kioo kipakwe rangi na kuwekwa chini ya hadubini.

Je, wajua kwamba maumivu ya kipimo hiki huja kwa awamu, na kila awamu ina sababu yake? Kwanza ganzi inaunguza, kwa sababu lidokaini ina uchachu. Baadhi ya madaktari huichanganya na sodiamu bikaboneti kidogo ili kupunguza mchomo. Pili ni mkandamizo: unahisi mtu anakuegemea kwa nguvu. Hapo ganzi ikiwa imefika kwenye utando unaofunika mfupa, uchungu haupaswi kuwa mkali, maana utando huo ndio wenye mishipa mingi ya fahamu. Ukiwa mkali, sema, uongezewe ganzi. Tatu ni mvuto. Bomba linapovuta uboho, linakuja fukuto kali la ghafla linaloweza kushuka hadi pajani. Ganzi ya ngozi haifiki ndani huko. Lakini mvuto ni wa sekunde chache, na ukiisha umeisha.

Kwa hiyo anayekuambia hutasikia kitu anakudanganya. Na jirani anayekusimulia mateso ya nusu saa nzima, naye kaongeza chumvi.

Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusu watu wazima 263 waliofanyiwa kipimo hiki, ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 walihisi maumivu, na kwa wengi wao yalikuwa ya wastani. Jambo la kuzingatia zaidi ni hili: waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu sindano, au kuhusu majibu yatakayotoka, ndio walioelekea kuumia zaidi. Wasiwasi huongeza maumivu yenyewe. Basi kumwondolea mgonjwa wasiwasi ni sehemu ya tiba, na daktari anayemweleza mgonjwa wake kwa dakika tano hapotezi muda.

Kwetu mgonjwa huambiwa "jikaze". Au "kuraje, mama". Ni maneno ya upendo, sina ugomvi nayo yakitoka kwa ndugu. Yakitoka kwa mwenye sindano mkononi, ambaye hakusubiri ganzi ishike, ni uzembe. Ganzi inahitaji dakika chache.

Je, wajua kwamba ziko njia nyingine zaidi ya ganzi ya ngozi? Midazolamu humtuliza mtu hadi baadaye asikumbuke mengi. Watoto mara nyingi hulazwa usingizi, na ketamini, dawa inayojulikana vizuri katika vyumba vya upasuaji vya Kongo, hutumika sana kwa kazi hiyo. Mahali ambapo dawa hizo hazipo, msaada bado upo: muuguzi anayetangaza kila hatua kabla haijafika, mkono wa kushika, pumzi ndefu inayotolewa polepole wakati wa mvuto. Wengine huimba wimbo wa kanisani moyoni. Waacheni waimbe.

Je, wajua kwamba sindano hii haigusi uti wa mgongo? Hofu hii ni kubwa Kongo, na ina sababu. Kwa miongo mingi wagonjwa wa malale walitobolewa mgongoni ili maji ya uti yapimwe, na watu wakaona sindano ya mgongo kuwa mlango wa kupooza. Vidonge vya fexinidazole, vilivyoidhinishwa mwaka 2018, vimewaepusha wengi na sindano hiyo. Lakini sindano ya uboho ni jambo jingine kabisa. Inaingia kwenye mfupa wa nyonga, pembeni, chini ya pale uti wa fahamu unapoishia, maana kwa mtu mzima uti huo hukomea juu ya kiuno. Haufikiwi.

Kuna hofu nyingine ya zamani zaidi. Enzi za Wabelgiji, Katanga ilijaa habari za batumbula, watu waliosemekana kukamata wenzao usiku kwa ajili ya wazungu. Pwani waliitwa mumiani, wanyonya damu, na Nairobi wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2000. Mzee aliyekulia katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière akisikia kwamba watamnyonya kitu mfupani, msimcheke. Mwambieni kiasi: mililita chache, ambazo mwili hurudisha wenyewe.

Hatari yake? Barbara Bain alikusanya taarifa za hospitali za Uingereza, akazichapisha mwaka 2003: katika vipimo vipatavyo 54,890, madhara makubwa yalikuwa 26. Zaidi ya nusu yalikuwa ya kuvuja damu.

Je, wajua kwamba Marie Curie aliuawa na uboho wake? Alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa upungufu wa damu unaotokea uboho unapoacha kazi, baada ya miaka mingi ya kushika radiamu na kufanya kazi na mionzi ya eksirei bila kinga. Mawe ya Katanga yanabeba jina lake la kuzaliwa, Skłodowska: sklodowskaiti ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, na ndugu yake yenye shaba, kuprosklodowskaiti, inayojulikana sana kutoka Musonoi hapo Kolwezi. Ni ya kijani, na fuwele zake ni nyembamba zilizochongoka kama sindano. Inatoa mionzi. Ukiiokota usiiweke sebuleni.

Petroli nayo ina benzini, na benzini ni sumu ya uboho inayoweza kuleta saratani ya damu. Ndugu zetu wauzaji wa chupa za barabarani, wanaoitwa Kadhafi, wanaovuta mafuta kwa mdomo na mpira, wajue hilo.

Homa ya matumbo je? Kipimo kinachonasa vimelea vyake vizuri kuliko vyote ni kuotesha uboho, hata kuliko kuotesha damu. Hakuna anayemtoboa kila mwenye homa, bila shaka.

Selimundu, ambayo Kongo tunaiita SS, haihitaji sindano ya nyonga. Hupimwa kwa damu ya kawaida. Lakini mtoto mwenye SS anayelia usiku kwa mifupa anajua maumivu ya uboho kuliko daktari yeyote: ni uboho unaokosa hewa, mishipa ikiwa imeziba. Kongo ni miongoni mwa nchi tatu ambako huzaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo, pamoja na Nigeria na India. Kwa jirani zetu Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza uboho watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023. Anayetoa uboho kwa sindano kwa ajili ya mwenzake kwa kawaida hulazwa usingizi kwanza.

Je, wajua kwa nini majibu huchelewa? Uboho wa majimaji unaweza kusomwa upesi. Kile kipande ni mfupa, na mfupa haukatiki kwa wembe wa maabara mpaka ulainishwe kwa asidi. Hapo siku hupita, na kipande kikipelekwa mji mwingine huwa wiki. Kuchelewa hakumaanishi kwamba wanakuficha. Uliza tarehe ya majibu kabla hujavaa viatu, na uulize atakayekusomea ni nani. Kungoja bila tarehe kunachosha kuliko sindano.

Anayetumwa Lubumbashi kutoka Kolwezi ana takriban kilomita 300 za barabara, kupitia Fungurume na Likasi. Kama kuna ndugu wa kumpokea, alale huko usiku ule. Alalie mgongo kwa muda baada ya kipimo ili uzito wake ukandamize kidonda, asikilowanishe kwa saa 24, na paracetamol hutosha kwa wengi. Aspirini na ibuprofen asimeze bila kuuliza, kwa kuwa huchangia kuvuja damu. Bandeji ikiloa damu, homa ikipanda au mguu ukifa ganzi, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kulala kwenye kitanda cha kipimo, mtajie daktari kila dawa unayotumia, na zile za kienyeji usizionee haya. Kisha muulize: "Daktari, tutasubiri ganzi dakika ngapi?" Ukisikia bado inachoma kama kisu, mwambie asimame. Ni haki yako.