Oili Nzito Haizibi Sili

Swali ni lile lile, linabadilika jina la gari tu. Leo Corolla ya 1994, jana Hilux ya kubebea mchanga, kesho itakuwa Land Rover 110: "Fundi, giaboksi inavuja. Niweke oili gani nzito iache?" Hakuna. Ningetamani makala iishie hapo, lakini najua kuna mtu ameshakamata kopo la oili ya SAE 140 dukani na anasubiri nimpe baraka. Simpi.

Sili ya shafti ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba, na nyuma ya mdomo huo imo springi ya duara inayoubana kwenye shafti. Gari likishafikisha miaka 25, mpira umepikwa na joto mpaka umekakamaa. Chomoa sili ya zamani uikunje kwa vidole: inapasuka, wakati mpya inanyumbulika na kurudi. Shafti nayo huwa imechimbika. Pitisha ukucha pale mdomo ulipokuwa umekaa, utauhisi mfereji. Oili inatokea hapo. Sasa niambie, uzito wa oili unarekebisha lipi kati ya hayo mawili?

"Lakini nilipoweka 140, kuvuja kulipungua." Sikatai. Kulipungua gari likiwa limelala. Oili ya gia ikipoa huwa nzito sana, kwa hiyo usiku haichuruziki haraka na asubuhi hukuti dimbwi uani. Ukiendesha mwendo mrefu inapata moto na kulainika, gia zinairusha huku na huku, na mdomo ule uliokufa unaipitisha barabarani, mahali usipoona. Dimbwi lilikuwa linakukumbusha kupima oili. Umeliondoa, ukaacha kupima.

Wengine wanajipa moyo kwa namba. Wanaona 90 kwenye kopo la gia na 40 kwenye kopo la injini, wanadhani ya gia ni nzito mara mbili. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. SAE 90 ya gia inakaribiana uzito na SAE 40 au 50 ya injini. Ila ndani ya kipimo cha gia chenyewe tofauti ni kubwa: kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, SAE 90 huanzia sentistoksi 13.5 na haifiki 18.5, ilhali 140 huanzia 24. Ukiruka kutoka 90 hadi 140 umeingiza kitu kingine kabisa katika giaboksi iliyopangiwa oili nyepesi zaidi.

Na giaboksi haitanyamaza. Pete za sinkronaiza, ambazo katika magari mengi ya umri huu ni za shaba, lazima ziikate oili na kuikamata koni ya gia kwa muda mfupi sana. Oili ikiwa nzito, pete inateleza badala ya kukamata. Washa gari lako kwenye baridi ya Makambako asubuhi ya Julai ujaribu kuingiza namba mbili: mkono unalazimisha, meno yanalia, na kila kilio ni kipande cha pete kinachokwenda. Beringi za sindano zilizo chini ya gia nazo hupata oili kupitia vitundu vidogo na upenyo mwembamba. Oili nzito huchelewa kufika, na huchelewa wakati ule ule inapohitajika, yaani unapoondoka. Mwenye Land Rover 110 ya giaboksi ya LT77 ndiye anayenishangaza kuliko wote: kiwanda kilimpangia ATF, oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki, yeye anamimina 140 kwa sababu jirani kamwambia gari la kazi linataka oili ya kazi.

Baya zaidi ni grisi. Bado wapo mafundi wanaoshindilia grisi kwenye giaboksi ili "ikae". Inakaa kweli. Gia zinachimba njia ndani yake kama magurudumu kwenye tope, kisha grisi inaganda kwenye kuta za kasha huku meno na beringi vikizunguka vikavu. Oili ikirushwa hurudi chini; grisi hairudi. Giaboksi ya namna hiyo ukiifungua, rangi ya samawati ya chuma kilichoungua inakusimulia yote.

Chupa za "dawa ya kuzuia kuvuja" ni afadhali kidogo, kwa maana moja tu: nyingi zina kemikali inayolainisha na kuvimbisha mpira. Sili iliyokakamaa inaweza kushika kwa muda. Mfereji kwenye shafti haujazwi na chupa, na mpira uliolainishwa kupita kiasi unaharibika moja kwa moja. Mafuta ya breki ndani ya giaboksi, kwa hoja hiyo hiyo ya kuvimbisha mpira, sitayajadili.

Sasa kazi yenyewe. Osha giaboksi yote, ikaushe, endesha, kisha ingia chini na tochi. Upepo husukuma oili nyuma, kwa hiyo tafuta unyevu ulio juu zaidi na mbele zaidi. Palipolowa kuliko pote huenda pamepokea tu oili iliyosukumwa. Kama inadondoka kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, nusa: oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti, ya injini haina. Ya injini maana yake ni sili ya nyuma ya injini, na giaboksi haina kosa.

Anza na kisichogharimu. Zibua kipumulio kilicho juu ya giaboksi. Kikizibwa na tope, hewa ya moto inakosa pa kutokea na kuisukuma oili hata kwenye sili nzima. Kisha kagua washa za nati za kumwagia na kujazia, swichi ya rivasi, na ringi ya mpira ya waya wa spidomita. Kwenye magari mengi ya kuvuta nyuma, sili ya nyuma inabadilishwa kwa kushusha propela tu. Lakini tikisa nira ya propela kwanza, ikicheza bushi imekwisha na sili mpya haitadumu. Shafti ikiwa na mfereji, ivishwe kibati chembamba cha chuma kinachotengenezwa kwa kazi hiyo, au sili ikae milimita chache pembeni ya mfereji kama nafasi ipo. Kwenye magari ya kuvuta mbele, angalia sili za kushoto na kulia. Sili ya mbele inahitaji kushusha giaboksi, basi badilisha na beringi ya klachi hapo hapo, na pleti ikiwa imelowa. Kuiosha kwa petroli ni kujidanganya, oili iliyonyweka itatoka ukiwa katikati ya mlima Kitonga. Nenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na sili ya zamani mkononi usome namba zake za vipimo. Mdomo upake oili kabla ya kufunga, na igongwe sawasawa pande zote, si kwa bisibisi.

Huna fedha mwezi huu? Endelea kuongeza oili ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, daraja la GL-4 kama kimesema GL-4. Gari likae tambarare, fungua nati ya pembeni, oili ifike kwenye ukingo wa tundu. Na unapomwaga, fungua ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma, angalau bado una oili ndani.

Giaboksi inayovuja na kupimwa kila wiki itakufikisha. Iliyokauka haitakufikisha. Kabla hujalipia hilo kopo la 140, ulizia kwanza bei ya sili.