Shali ya sufu: kutoka Kashmir hadi ufuko wa Ziwa Tanganyika

Shali ya sufu yenye nakshi asili yake ni Kashmir, chini ya milima ya Himalaya. Hutengenezwa kwa manyoya laini ya ndani ya mbuzi wa Ladakh na Tibet. Mafundi waliifuma kwa vijiti vingi vya mbao, kila kijiti na uzi wa rangi yake, na shali moja bora ilichukua zaidi ya mwaka. Nakshi yake kuu ni umbo la tone lenye ncha iliyopinda, ambalo watu wa mwambao huliita korosho.

Baada ya vita vya Napoléon nchini Misri, 1798 hadi 1801, shali ilifika Ufaransa, na mabibi wa Paris waliipenda mno. Mnamo 1805 hivi, wafumaji wa Paisley, Uskoti, walianza kuiiga, na baadaye mtambo wa kufuma wa Jacquard ukashusha bei. Miaka ya 1870 biashara ilianguka. Magauni mapya yalituna nyuma, shali ikakosa mkao. Vita vya Ufaransa na Prussia vikavuruga soko. Njaa ya 1877 hadi 1879 ikawaangamiza wafumaji wengi wa Kashmir.

Katika Bahari ya Hindi mambo yalikwenda tofauti. Wanaume wa Omani hadi leo hufunga kilemba cha sufu ya Kashmir, hasa siku za heshima. Kanga ilipozuka Zanzibar katika nusu ya pili ya karne ya 19, korosho ikawa miongoni mwa nakshi zake. Sufu ikabadilika kuwa pamba, nyepesi kwa joto na nafuu kwa bei.

Bara, kwenye Ziwa Tanganyika, nguo ilikuwa fedha. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira, kaskazini mwa ziwa, Aprili 1858, wakati misafara ikibeba nguo za merikani, kaniki na debwani ya Muscat. Joho la sufu lilikuwa zawadi ya watawala.

Leo kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa vazi kuu la kike ni kikwembe, kitambaa cha pamba kilichochapwa nakshi. Uchapaji wake ulikuzwa na viwanda vya Uholanzi kama Vlisco, kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846. Katika baridi ya milima ya Rurambo, juu ya Uvira, kikwembe hutandwa mabegani, hubeba mtoto na hupamba sherehe. Kazi za shali zinaendelea, ingawa sufu haimo tena.