Lenzi Kongwe katika Mji Mkongwe: Istilahi za Mpiga Picha

Maelezo mafupi yaandikwayo chini ya picha hudhaniwa kuwa kazi nyepesi. Mfasiri hupewa mistari miwili, naye huimaliza kabla ya chai ya saa nne. Lakini picha za miji yetu ya kale ya pwani zimekuwa ushahidi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Unguja mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tangu hapo, atakaye kujua roshani zilizoanguka zilikuwaje hana budi kuziendea picha. Neno moja lililokosewa chini ya picha laweza kumfanya fundi aamini kwamba nakshi fulani ilikuwa imelika, kumbe ilikuwa nzima, na lenzi ndiyo iliyoshindwa kuionyesha. Kwa hiyo tumeona vema kueleza istilahi chache zinazohusu lenzi za kale za kupigia picha za watu, hasa mpiga picha anapozichukua na kuzielekeza kwenye mitaa na milango ya Mji Mkongwe.

Tuanze na neno lenyewe. Lenzi imetufikia kutoka Kiingereza, nacho kiliipata kutoka Kilatini, ambamo ni jina la punje ya adesi. Waliotoa jina hilo walitazama umbo: kioo kilichotuna pande zote mbili hufanana na punje hiyo. Waarabu nao hukiita kioo hicho kwa jina la adesi. Kwa kuwa adesi imo tayari katika Kiswahili, tungeweza kuifuata njia hiyo hiyo, lakini vitabu vya fizikia vya shule vimekwisha kuzoeza lenzi, pamoja na lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo, na si busara kubomoa kilichokwisha kusimama.

Lenzi tunayoizungumzia ilibuniwa mwaka 1840 na Joseph Petzval, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna, ikatengenezwa na Voigtländer. Mwaka mmoja kabla, ufundi wa Daguerre ulipotangazwa Ufaransa, lenzi zilizotumika zilipitisha mwanga kidogo mno, hata aliyepigwa picha alilazimika kukaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Petzval alipanga vioo vinne katika jozi mbili, akapata lenzi ipitishayo mwanga zaidi ya mara kumi kuliko zile. Muda wa kukaa kimya ukapungua sana, na biashara ya picha za watu ikapata nguvu. Lenzi ya aina hii tunapendekeza iitwe lenzi ya sura. Wapo waliotaka lenzi ya wajihi. Neno wajihi ni zuri, ila litamlazimu msomaji wa kawaida afungue kamusi, na sura analo mdomoni kila siku.

Ubora huo ulikuwa na gharama yake, na hapa ndipo istilahi zinapohitaji uangalifu. Katika lenzi ya Petzval, mwanga hauji kukutana juu ya uso ulionyooka, bali juu ya uso uliopinda kama ndani ya bakuli. Bamba au mkanda wa kamera ni bapa. Matokeo yake, kitu kilicho katikati huonekana kwa ukali, na kadiri jicho linavyokwenda pembeni ndivyo mistari inavyolegea. Hali hiyo tunaiita mpindo wa fokasi. Aidha, matone ya mwanga yaliyo pembeni hukatwa na mwili wa lenzi, yakawa membamba kama punje za mchele na kujipanga kuizunguka katikati ya picha, hata majani ya mti ulio nyuma yakaonekana kama yanazunguka. Uso wa mtu haudhuriki kwa hayo, kwa kuwa huwekwa katikati. Ukuta wa nyumba wenye upana wa picha nzima hudhurika.

Lenzi hizo zingali zinatumika. Zaidi ya hayo, mwaka 2013 kampuni ya Lomography ilianza kuuza lenzi mpya ya shaba iliyofuata mpango wa Petzval. Hivyo mfasiri atakutana na lenzi za kale na zilizoigizwa. Asiziite lenzi kuukuu. Kitu kikuukuu ni kilichochakaa, kama shati kuukuu, na lenzi ya miaka mia moja yaweza kuwa safi kuliko ya jana. Tunayo -kongwe, ambayo hubeba umri pamoja na heshima. Ndiyo iliyo katika Mji Mkongwe na Ngome Kongwe, nayo yatosha kwa lenzi kongwe.

Ugumu mkubwa u katika kuutaja ulegevu ule wa mistari pale mpiga picha anapoukusudia. Wapiga picha wa dunia wamechukua neno la Kijapani, boke. Kuliingiza hivi hivi katika Kiswahili twaona kuna taabu. Mwalimu wa Nyambureti, wilayani Serengeti, akiliandika ubaoni, msichana mmoja au wawili watainua vichwa wakidhani wameitwa, maana Bhoke ni jina la kike lililoenea sana Mara. Wengine hupendelea ukungu. Lakini ukungu ni hali ya hewa, na katika picha ya mji wa pwani msomaji ataamini kwamba asubuhi ile bahari ilifukiza mvuke. Utusitusi nao hutaja uchache wa mwanga, ilhali picha yaweza kuwa imepigwa jua la saa sita. Kusema sehemu butu ni kuhukumu kwamba mpiga picha amekosea.

Pendekezo letu ni myeyuko. Walimu wa sayansi watasema neno hilo ni lao, kwa barafu na chuma. Hatuoni hatari, mzizi ni wa mti na ni wa neno, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuchimba sarufi kwa jembe. La kuangaliwa ni kitenzi. Tukiandika kwamba nakshi za mlango zimeyeyuka, msomaji atafikiri chumvi ya bahari imezila, jambo ambalo pwani hutokea kweli. Sharti mtendaji atajwe: zimeyeyushwa na lenzi.

Tuchukue mfano wa mzee aliyeketi barazani, mlango wa kuchonga ukiwa nyuma yake. Ndevu zake zahesabika. Mfaa wa mlango waonekana nusu, na misumari ya shaba imegeuka viduara vya mwanga. Maelezo yanayosema «Mzee mbele ya mlango wenye nakshi zilizofutika» ni uongo uliosemwa kwa nia njema. Tungeandika: «Mzee barazani. Nakshi za mlango zimeyeyushwa na lenzi.» Ndivyo ilivyo hata kwa minara. Mnara uliosimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib uliharibiwa kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, kisha mnara ukajengwa kwenye jumba lenyewe. Kwa hiyo mnara huwasaidia wataalamu kukadiria umri wa picha. Mwandishi akiuita mnara uliolegezwa na lenzi «mnara uliobomoka», amekwisha kuihamisha picha kutoka upande mmoja wa mwaka 1896 hadi mwingine.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wasomaji walio mbali na pwani. Mwanafunzi wa Unguja anaweza kwenda kuugusa mlango, akayasahihisha maelezo kwa kidole chake. Yule wa Nyambureti ana Ziwa Victoria kwa jirani, na mji wa pwani anaujua kwa picha ya kitabuni na mstari ulio chini yake.

Kwa istilahi nyingine hatukuona haja ya kubuni. Mafundi wa studio wamekwisha kutufanyia kazi. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilianzishwa tangu mwaka 1930. Picha husafishwa, tena katika chumba cha giza. Mkanda huwekwa na kutolewa. Mfasiri anayeandika «kuendeleza filamu» amefasiri kamusi badala ya kazi. Limebaki jina la vile vipande vya bati vyenye matundu ya ukubwa mbalimbali ambavyo, tangu mwaka 1858, hutumbukizwa katika upenyo wa lenzi kongwe ili kupunguza mwanga. Kwa sasa tunaandika kibati cha tundu. Mafundi walio na jina jingine vinywani mwao tunawaomba watuletee kabla halijachapwa katika orodha.