Mtu Mzima na Mchezo: Tatizo ni Saa, Si Umri

Limezuka swali ambalo, ingawa kwa sura yake laonekana dogo, linastahili kutazamwa kwa makini na wananchi pamoja na viongozi wao. Nalo ni hili: je, ipo siku ambapo mtu mzima huambiwa kwamba umri wake haumruhusu tena kucheza? Swali hilo huulizwa zaidi kuhusu michezo ya video, ile ambayo vijana wetu huiita gemu, na mara nyingi jibu hutolewa kabla swali halijamalizika. Mwenye mvi akionekana ameshika padi ya kuchezea mbele ya televisheni, husemwa papo hapo kwamba amerudi utotoni.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba si wageni wa jambo hili. Zanzibar ilianza kuona televisheni ya rangi mwaka 1974, wakati Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994 kupata vituo vyake vya kwanza. Palipo na televisheni mashine ya kuchezea haikawii kufuata. Lakini sasa swali hili limepanda mlima. Katika nyanda za juu za Kigoma, kati ya Kasulu na Kibondo, umeme wa gridi ya taifa ulifika mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya miji ya wilaya kutegemea jenereta za dizeli. Umeme unaposambaa kutoka mjini kwenda vijijini, hauji na taa peke yake. Huja pia na kibanda, televisheni, benchi na padi mbili, na vijana wakilipia kila mchezo. Kwa hiyo swali lililokwisha kuulizwa Michenzani na Chake Chake halina budi kuulizwa na Nyakitonto pia, ambako watu wamezoea kuipima siku kwa jembe, kwa maharage, mahindi na mihogo iliyolimwa.

Kabla ya kuhukumu, yatupasa tujiulize kama ni kweli kwamba katika desturi zetu mchezo ni wa watoto. Jibu liko barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akanamua kwanza, kisha akaingia katika mtaji. Anayetaka kulicheza vema hana budi aone kwa akili, kabla hajagusa kete, mzunguko wa kwanza utaishia wapi, wa pili utaanzia wapi, na nyumba ya mwenziwe itasimama au itavunjika. Huo si mchezo wa mtoto. Mtoto hutazama, hujifunza na hufungwa, na umahiri humjia baada ya miaka mingi. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alipotaka kuchunguza mipaka ya akili ya binadamu, alikuja Zanzibar kuketi na mafundi wa bao, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Hakwenda shule ya chekechea.

Wala jambo hili si la pwani peke yake. Jirani na Kasulu na Kibondo, ng'ambo ya mpaka, Warundi wana mchezo wao wa aina hiyo uitwao ikibuguzo. Wanyarwanda huuita igisoro, na Waganda wana omweso. Asiyekuwa na ubao wa kuchonga huchimba mashimo ardhini na kuokota mbegu au kokoto. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeliongoza taifa hili mpaka mwaka 1985, alijulikana kwa kulipenda bao, na hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo alipunguza heshima ya uzee wake au ya kazi aliyoifanya. Basi ikiwa mzee wa bao huitwa fundi, kwa nini mzee wa gemu aitwe mtoto?

Wapo watakaojibu kwamba bao ni urithi wetu na michezo ya video ni ya kigeni. Hoja hiyo ina uzito wake, maana mila ya taifa ni mali ya taifa. Lakini haitoshi. Karata ni za kigeni, na neno lenyewe lina asili ya Kireno. Keram ilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Dhumna nayo haikuota hapa. Hata hivyo, leo mtu akipita Jaws Corner mjini Unguja wakati wa alasiri, akawaona watu wazima wakipigiza dhumna mezani huku kahawa ikimiminwa, hasemi kwamba amewaona wageni. Huona Wazanzibari wamepumzika. Ugeni wa chombo huisha pale watu wanapokizoea na kukitia adabu yao.

Wengine watasema kwamba gemu iliundwa kwa ajili ya watoto. Historia haikubaliani nao. Mchezo wa Pong, mmoja wa ile ya kwanza kufanikiwa kibiashara, ulijaribiwa mwaka 1972 katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California, mahali ambapo watoto hawakuwa wateja. Walioutia sarafu za kwanza walikuwa watu wazima waliotoka kazini. Na huko Japani yuko Bibi Hamako Mori, aliyezaliwa mwaka 1930. Alianza kucheza michezo hiyo alipokuwa amepita umri wa miaka 50, na mwaka 2020, akiwa na miaka 90, aliandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote anayeonyesha michezo ya video kwa watazamaji wa YouTube. Huyo si mtoto, wala hakurudi utotoni. Ni bibi aliyepata kitu cha kumfanya aamke na hamu ya siku.

Sayansi nayo imetoa neno. Mwaka 2003 madaktari wa New York walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 469 waliopita umri wa miaka 75. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubao, wakipiga ala za muziki au wakicheza dansi walionekana kupatwa kwa nadra zaidi na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa California ambamo watu wenye umri wa miaka 60 hadi 85 walizoezwa kwa mwezi mmoja mchezo wa video wa kuendesha gari. Uwezo wao wa kushughulikia mambo mawili kwa pamoja uliongezeka, na faida hiyo bado ilionekana miezi 6 baadaye. Hatusemi kwamba mchezo ni dawa. Huenda mwenye akili iliyochangamka ndiye anayevutwa na mchezo, badala ya mchezo kumchangamsha. Lakini haitawezekana tena kwa mtu yeyote kudai kwamba elimu imethibitisha madhara ya mchezo kwa wazee kwa sababu tu ya uzee wao.

Baada ya kusema hayo, yatupasa tuwe wa haki kwa upande wa pili. Wahenga walinena kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikemea vijana wanaoshinda kwenye meza za pulu tangu asubuhi huku wenzao wakiwa kazini, akawataka viongozi wa mikoa wasilifumbie macho jambo hilo. Wapo waliolalamika, lakini kiini cha karipio hilo kilikuwa sahihi. Mkulima wa Nyakitonto akiiacha mvua ya kwanza ipite akiwa bado kwenye benchi, hataokolewa na ushindi wake wakati wa njaa. Kosa hapo ni la saa. Mwenye miaka 20 na mwenye miaka 60 wakiwa hapo saa tatu ya asubuhi siku ya kazi, wote wawili wamekosea. Wakiwa hapo saa kumi na mbili jioni, baada ya jembe kuwekwa, hakuna aliyekosea.

Na ikiwa kipimo ni saa, basi kipimo hicho kimpime kila mtu. Ni rahisi kwa ofisa kufunga kibanda cha kijana. Ni vigumu zaidi kujitazama mwenyewe. Tangu mwaka 1990 kompyuta nyingi za ofisini zilianza kuja na mchezo wa karata ndani yake, na leo simu ya mfukoni hubeba michezo isiyohesabika. Mwaka 2006 Meya wa New York, Michael Bloomberg, alimfukuza kazi mtumishi wa jiji baada ya kuuona mchezo wa karata kwenye kompyuta yake ya ofisini. Adhabu hiyo huenda ilikuwa kali mno, lakini fundisho lake lafaa. Mwananchi aliyetoka Micheweni au Makunduchi kufuata cheti, akaketishwa kwenye benchi huku anayemhudumia ameinamia simu akipanga peremende za rangi, ameibiwa siku yake. Ofisa wa namna hiyo hana haki ya kumkemea mzee wa barazani, ambaye hakuna anayemngoja.

Yako pia madhara mengine mawili yasiyofaa kufichwa. La kwanza ni uraibu. Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya maradhi, inayotumika tangu Januari 2022. Tuangalie lakini dalili zinazotajwa: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea ingawa anaona anaharibikiwa, hali ambayo kwa kawaida hudumu miezi 12 au zaidi. Hakuna palipoandikwa kwamba kuwa na mvi ni dalili. China, iliyochukua hatua kali mwaka 2021, iliwawekea mipaka walio chini ya miaka 18, wacheze saa moja tu kwa siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Serikali hiyo iliogopa utoto, haikuogopa uzee. Madhara ya pili ni kamari. Mchezo unapotiwa fedha ili mmoja apate kwa mwenziwe kukosa, au kampuni ipate kwa wote kukosa, huo umetoka katika burudani na kuingia katika jambo jingine, hata uchezwe na mwenye umri gani. Baba anayechezea ada ya mtoto hajazeekea mchezo, amekosa ubaba.

Liko jambo moja ambalo katika mjadala huu husahauliwa. Tunapouliza kama mtu mzima amepitwa na umri wa kucheza, picha iliyo akilini mwetu ni ya mwanamume. Mama wa Nyakitonto huamka kabla ya jua, huteka maji, hulima, hutafuta kuni na kupika, na jua likitua bado ana mtoto wa kumwogesha. Mama wa Pemba hali yake haitofautiani sana, iwe kwenye mwani au kwenye karafuu. Hao hawajaambiwa kwamba wamezeeka mno kwa mchezo, kwa sababu hawakupata kamwe saa ya kuuanza. Bibi yule wa Japani anatushangaza kwa umri wake, lakini ingepasa atushangaze zaidi kwa kuwa na nafasi. Taifa linalotaka haki halina budi kugawa mapumziko kama linavyogawa kazi.

Kwa hiyo tunatoa rai. Halmashauri zinapotunga amri kuhusu vibanda vya michezo, zitazame saa za kazi na saa za shule, wala zisitazame rangi ya nywele za mtu. Watoto wakingwe, kamari itengwe na burudani, na ofisi za umma ziwe za kwanza kutii. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mzee aliyefikia miaka 70, ilikiri kwamba uzee si mzigo wa familia peke yake. Hatua inayofuata ni kukiri kwamba mzee hahitaji chakula na dawa tu. Anahitaji pia mahali pa kuketi na wenzake, ubao wa bao, na kama apenda, televisheni na padi mbili, moja yake na moja ya mjukuu. Hilo si anasa. Bao moja hudumu miaka mingi, na kivuli cha mwembe hakilipiwi kodi.

Kwa upande wao, wazee nao wasiudharau mchezo wasioujua. Mjukuu anayefundishwa kunamua leo anaweza kesho kumfundisha babu yake kufunga goli kwenye kioo, na katika kufundishana huko yatasemwa mengi ambayo kwa amri hayasemwi. Utu uzima dawa, lakini dawa hutibu ikiwa karibu na mgonjwa. Mzee anayecheza na vijana yuko karibu nao. Anayewalaani kutoka mbali hatasikika. Mwenye kazi na aifanye, na jua likielekea magharibi, asiwepo wa kumuuliza mtu alizaliwa mwaka gani kabla hajavuta kigoda.