Dawa ya Shambani, Sumu ya Mtoni

Njia panda ya Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, hupitwa na malori yaliyosheheni viazi vya Njombe. Mijini watu hula viazi hivyo bila kuwaza sana vimetoka wapi. Vimetoka katika nchi ya baridi na manyunyu, kwa jasho la wakulima na vibarua ambao kutwa nzima hubeba bomba la kunyunyizia dawa mgongoni.

Hapana shaka mkulima huyo hanyunyizi kwa kupenda. Ukungu wa viazi ndio ulioangamiza mashamba ya Ireland mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa, na hali ya hewa ya Njombe waipenda mno. Mvua ikinyesha juma zima, shamba lililokuwa kijani laweza kuwa jeusi. Basi asiye na dawa aweza kukosa mavuno, na asiye na mavuno hana karo ya mtoto.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Kinachowekwa kwa ajili ya panya twakiita sumu, nasi hukificha mbali na watoto. Kinachonyunyizwa katika viazi twakiita dawa, nacho huwekwa uvunguni mwa kitanda. Jina jema limetupumbaza. Kitu kinachoua ukungu au mdudu ni sumu kwa ukungu na kwa mdudu, na yatupasa kuuliza: ni sumu kwa nani tena?

Kuuliza swali hilo na kulijibu kwa vipimo ni kazi ya elimu ambayo Mfaransa René Truhaut aliipa jina mwaka 1969, nayo huitwa ekotoksikolojia. Wahenga walisema sumu haionjwi. Elimu hii imepatikana ili mwanadamu asiionje. Wataalamu huweka samaki katika maji yenye vipimo mbalimbali vya dawa kwa saa 96, na kidudu cha majini kiitwacho dafnia kwa saa 48, wakatazama ni kipimo gani kinachoua nusu yao. Kisha hutafuta lililo gumu zaidi, yaani kipimo kisichoua lakini kinachomzuia kiumbe asizae, au asikue sawasawa.

Tuchukue mankozebu, dawa ya ukungu inayotumika sana katika viazi. Mtu hafi upesi kwa kuigusa, na kwa hiyo wengi huiona kuwa nyepesi. Lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni kali sana. Tena ikioza hutoa kemikali inayovuruga kazi ya tezi ya shingoni. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuendeleza kibali chake.

Sasa tufuate maji. Wengi wa watu wa Njombe hulima vinyungu, bustani za mabondeni, hatua chache tu kutoka kijitoni. Bomba likioshwa hapo, na chupa tupu ikitupwa hapo, mabaki hayabaki hapo. Mto Ruhuji huyachukua maji ya Njombe hadi Kilombero, na Kilombero huyapeleka Rufiji. Mvuvi wa bonde hajui kiazi kilinyunyiziwa nini, lakini maji ni yale yale.

Nchi yetu imekwisha kuyaona madhara ya uzembe wa namna hii. Mwaka 1986 shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea shehena ya dawa kutoka Ugiriki, nyingine zikiwa zimepitwa na muda. Ziliwekwa bandani, banda likaanguka, na miaka mingi baadaye watafiti wakaikuta DDT katika udongo. Dawa hiyo haiozi upesi; hujilimbikiza katika mafuta ya mwili, ikapanda kutoka kwa mdudu hadi samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwa ndege na mtu. Katika Ziwa Victoria nako, wako waliovua kwa kutia sumu majini. Mwaka 1999 Ulaya ikakataa samaki wa Tanzania, Kenya na Uganda. Waliotia sumu walikuwa wachache. Waliokosa kazi viwandani walikuwa wengi.

Tufanye nini basi? Kwanza, vipimo vingi vya sumu vimefanywa kwa samaki na udongo wa nchi nyingine. Udongo wa Njombe una baridi, na katika baridi dawa nyingi huchelewa kuoza. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, pamoja na vyuo vyetu vikuu, hawana budi kupima mito ya huku na kuwasomea wananchi majibu kwa Kiswahili.

Pili, kila chama cha ushirika kiwafundishe wanachama kusoma mkanda wa rangi ulio katika chupa: mwekundu ni hatari kubwa kupita zote, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Bomba lioshwe mbali na kijito.

Tatu, kibarua anayenyunyizia shamba la mtu mwingine ndiye anayeipata sumu kwanza, kabla ya samaki na kabla ya mlaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri ampe vifaa vya kujikinga. Glavu, buti na kizuizi cha pua si hisani ya tajiri. Mfanyakazi asiyepewa avidai, na wenzake wasimwache adai peke yake.